Ukoo wa Mdudu

Binti yake Mzee Nassor alinipigia simu kutoka Unguja asubuhi moja, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia sana kwamba baba yake amefariki, wamemzika jana, na kwamba walipokuwa wakitafuta watu wa kuwaarifu walikuta namba yangu kwenye simu yake imehifadhiwa kwa jina la Dereva wa Vinyesi. Akaniuliza kwa adabu kama ndiye mimi. Nikamwambia ndiye. Akacheka, halafu akalia tena, nami nikaketi kwenye ngazi ya mlango wangu hapa Bungoma nikafanya vyote viwili kwa pamoja, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Ningelazimika kumweleza mwaka mzima, na maji ya kunyweshea ndama yalikuwa bado hayajachotwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya ile miaka ambayo mawakala wa Nairobi walikuwa wakijaza ndege kwa vijana wa kwenda Saudia, wasichana wakienda kufanya kazi za nyumbani, sisi wanaume tukienda kuwa madereva, walinzi na vibarua. Mimi niliandikiwa dereva wa nyumbani. Nilipofika Riyadh kafili wangu, tajiri aliyenidhamini, alinitazama, akalitazama gari lake, akasema yule dereva wa zamani amebadili nia, haondoki tena, kwa hiyo hapa halas, kazi imekwisha, nitakwenda kwa ndugu yake. Ndugu yake alikuwa na kampuni ndogo ya kuchukua sampuli za wagonjwa hospitalini na kuzipeleka maabara. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika sayansi, kwa sababu mtu mwingine hakutaka kurudi kwao.

Tulilala watu watano katika chumba kimoja nyuma ya maduka ya Al-Dirah, juu ya fundi saa. Nakikumbuka chumba kile kuliko nyumba nyingine zote nilizokaa, pengine kwa kuwa hakikuwa na kitu. Kulikuwa na magodoro matano, kiyoyozi kilichonguruma mfululizo, na msumari mmoja ukutani ambao kila mtu aliutaka kwa shati lake la kutokea. Ijumaa tulikula wali na kuku kwenye sinia moja, tukiwa tumekaa juu ya katoni zilizopasuliwa, na baada ya kula kila mtu alipiga simu kwao akiwa amegeukia ukuta wake, kana kwamba ukuta unaziba masikio ya wenzake. Nilimjua mke wa mwenzetu mmoja wa Kitui vizuri sana bila kumwona. Nilijua hapendi mabati ya rangi ya kijani, na nilijua mumewe atanunua ya kijani. Siku hizi nina vyumba vinne na kimya kingi, na mara nyingine mchana wa Ijumaa najikuta nimenyamaza ili nisikie mtu akigombana na mkewe kuhusu mabati.

Mwanzoni sikujua nabeba nini. Nilikabidhiwa sanduku la barafu, nikatia sahihi, nikaendesha. Nilifikiri ni damu, na nikaendesha kwa heshima inayostahili damu. Siku moja katika hospitali moja ya Riyadh nesi alichelewa, akanipa nepi ya mtoto ya kutupa, nzima, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ambao haukufungwa vizuri. Nilifika maabara na madirisha yote manne yakiwa wazi, katika joto lile. Kuanzia hapo nilijua. Nyumbani niliendelea kusema nabeba dawa.

Baridi ya Riyadh ilipokwisha nilihamishiwa Jeddah, ambako ndiko kulikokuwa na maabara ya utafiti wenyewe. Mwenye utafiti alikuwa Daktari Maha, mama wa Kisaudia mwenye sauti ndogo na haraka kubwa, aliyetaka kujua kirusi cha rota kinachowaharisha na kuwatapisha watoto katika miji ile miwili kina aina ngapi. Sampuli za Riyadh zilikuja kwa ndege, nikazipokea uwanjani. Za Jeddah nilizizungukia mwenyewe wodini. Na aliyenipokea kila mara kwenye dirisha la maabara alikuwa mtu mnene mwenye miwani na kanzu nyeupe ya Kisaudia chini ya koti la maabara, ambaye siku ya kwanza aliniuliza kwa Kiarabu jina langu, akasikia lafudhi yangu, akahamia Kiswahili bila kupumua. Huyo ndiye Nassor. Alikuwa amekuja Jeddah kijana, akasoma, akawa fundi wa maabara, akazeekea huko, na Kiswahili chake kilibaki kimekunjwa vizuri vilevile kama siku alipokitoa Unguja. Changu kilimtia uchungu. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba nimeleta choo cha mtoto anayeendesha, aliweka kalamu chini akaniuliza mtoto huyo anaendesha nini, lori au taksi. Nikamwambia kwetu tumbo linaendesha. Akasema basi tumepata kazi moja, wewe na tumbo lako. Kuanzia siku ile nikawa Dereva wa Vinyesi, na nilipokasirika aliniambia hakuna cheo kama hicho katika ufalme wote, niringe.

Alikuwa mjane anayejipikia. Ijumaa alinichukua kwake, chumba na jiko karibu na Balad, tukapita sokoni kati ya nyumba za mawe ya matumbawe ambazo madirisha yake ya mbao yalikuwa yamelegea, yeye mbele akisalimiana na wachukuzi kwa majina, mimi nyuma na tui la kopo na samaki. Alipika wali wa nazi huku akilisema kopo. Alisema tui la kopo ni kama salamu za simu, zinafika lakini hazikukumbatii. Kisha tukala, na akiisha kunywa chai alianza kunisomesha, kwa kuwa hakuweza kuvumilia mtu abebe kitu asichokijua. Aliniambia rota si mdudu mmoja, ni ukoo wenye milango mingi, na kila mmoja ana jina lenye sehemu mbili, herufi na namba, kisha herufi na namba, moja kwa sehemu hii ya ngozi yake ya nje na moja kwa ile. Nikasema kama mimi, Wafula mwana wa Simiyu, jina lako na la baba. Alifikiri, akasema sawasawa, kama jina lako na la baba. Alifurahi kwamba nimeelewa, nami nilifurahi zaidi. Sikuwa nimewahi kuketi na mtu wa umri ule akanieleza jambo kwa sababu tu ni zuri kulijua. Nilimpenda, na sikumwambia, kwa kuwa wanaume wa kwetu hatusemi.

Sasa nije kwenye mchana mmoja wa mwaka ule ambao sitausahau. Nilifika wodi ya watoto kuchukua sanduku, nikamkuta Nassor amesimama na Daktari Maha kando ya kitanda kitupu. Dripu ilikuwa bado inaning'inia, maji yakidondoka sakafuni, na plasta ilikuwa imebandikwa kwenye chuma cha kitanda, kwa uangalifu, na mtu asiyetaka kuchafua. Kitandani alikuwa amelazwa mtoto wa miezi saba, mtoto wa msichana mmoja wa Kikenya aliyemleta asubuhi utosi ukiwa umebonyea na macho yameingia ndani. Mama alikuwa mafi karatasi, hana hata moja, ikama ya kuishi nchini hana, kitambulisho hana, lakini mtoto alikuwa katika hali ambayo watu huanza na mshipa kwanza na karatasi baadaye. Alipata nafuu kidogo. Halafu nesi akaenda kumwomba mama ruhusa ya kuchukua choo kwa ajili ya utafiti, na mama akakataa, nesi akamweleza tena, na nesi alipogeuka kwenda kumhudumia mwingine, mama akamchomoa mtoto ile sindano na kuondoka naye.

Daktari Maha alikuwa anarudia kwa Kiingereza kwamba bila maji yale mtoto hamalizi siku. Nassor alikuwa anamuuliza nesi, Mfilipino mpole ambaye sasa alikuwa analia, alimwambia nini hasa yule mama. Nesi akasema hakumwambia kitu kibaya. Alimwambia watafanya DNA tu. Alitaka kurahisisha. Na mama akasema hapana DNA, hapana DNA, akakumbatia mtoto. Daktari Maha akasema hata kirusi chenyewe hakina DNA, na kweli sikuelewa maana ya maneno hayo wala sikujali, kwa sababu neno lenyewe nilikuwa nimekwisha kulisikia kwa sikio la yule mama. Mimi ni Mkenya. Kwetu mtu akisema DNA hasemi juu ya kirusi. Ni neno la redio na la mahakama, la kusimama mbele ya watu ili ijulikane mtoto ni wa nani. Nilimwambia Nassor kwa Kiswahili kwamba yule mama anadhani wanamtafuta baba wa mtoto. Nassor akamtafsiria Daktari Maha, na nikaona uso wa daktari ukibadilika. Alijua, kama sote tulivyojua, mwanamke aliyetoroka kwa kafili wake, mwenye mtoto na hana cheti cha ndoa, ataulizwa nini katika mji ule na wapi atapelekwa baada ya kuulizwa. Akasema yalla, nendeni mkamtafute, na akaenda mwenyewe kufunga ule mpira uliokuwa unadondosha maji.

Kitu pekee tulichokuwa nacho ni jina la mtaa, Ghulail, alilolitaja yule mama asubuhi. Ghulail nilikujua, huko ndiko nilikokuwa nikinunua unga wa sima, katika duka la Mchadi mmoja ambalo Wakenya wote wa kusini mwa Jeddah walilijua. Tuliingia vichochoroni jua likiwa limeanza kushuka, Nassor mbele na kanzu yake na miwani yake na kalamu mfukoni, na kila tulipopita milango ilifungwa. Mwenye duka hajawahi kuona Mkenya maishani mwake. Aliniambia hivyo usoni, huku mkono wake umeegemea magunia ya unga aliokuwa ananiuzia kila wiki. Ilinichukua muda kutambua kwamba hawanikimbii mimi. Nilimwambia Mzee Nassor, kwa heshima zote, anafanana mno na afisa wa pasipoti. Alijitazama, akakubali, akarudi kukaa garini akiwa ameivua kofia yake na kuiweka mapajani.

Nikabaki peke yangu kichochoroni. Sikujua jina la mama wala la mtoto. Nikafanya jambo pekee nililoweza, nikapaza sauti kwa Kiswahili cha kwetu, kile kile kibovu kilichomtia Nassor uchungu. Nikasema mimi ni Wafula, natafuta mama mwenye mtoto anayeendesha, sina polisi, niko na daktari mmoja mzee amekaa kwa gari, mtoto anahitaji maji. Nikatembea hatua chache nikarudia. Nilijisikia mjinga sana. Kisha sauti ya kike ikatoka nyuma ya dirisha lililozibwa kwa katoni.

"Wafula wa wapi?"

Nikasema Bungoma.

"Mrenda mnapika na nini?"

Nikaelewa napimwa kama kweli ni wa kwetu, nikasema mboga ile tunaipika na kunde, na magadi kidogo, na kama hakuna kunde basi mrenda peke yake lakini hapo sitakula kwa furaha. Mlango ukafunguka kidogo. Ndani kulikuwa na chumba kidogo, safi kabisa, godoro moja limekunjwa, beseni, na yeye, msichana wa miaka ishirini na kitu, amemfunga mtoto kifuani kwa leso. Mtoto hakuwa analia. Hilo ndilo lililoniogopesha, kwamba hakuwa analia. Aliniambia anaitwa Nekesa, wa Kitale, na mtoto ni Baraka, na kwamba hawezi kurudi. Baba wa Baraka ni mlinzi kwenye jengo moja, pia Mkenya, na walifungishwa ndoa na pasta wao katika chumba kama hiki, hakuna karatasi. "Wakifanya DNA watajua baba yake ako wapi," alisema. "Tutafungwa sote wawili. Na huyu atawekwa wapi?"

Nikaanza kumweleza kama Nassor alivyonieleza, na nikaanza vibaya. Nilisema wanataka tu kujua jina lake na la baba, na papo hapo nikaona mkono wake unaenda kwenye mlango. Nikasema hapana, si hivyo, si jina la Baraka. Nikasema ni la mdudu. Mdudu aliye tumboni ana ukoo, kuna wa ukoo huu na wa ukoo ule, na daktari anatafuta ukoo wa mdudu, si wa mtoto. Baba wa Baraka hawamtaki, hata wakimkuta mlangoni watampisha apite. Kwenye chupa hakuna jina, kuna namba tu. Nikamwambia nimebeba vyoo vya watoto wa Riyadh na Jeddah miezi yote hii, na sijawahi kuona mtu akiuliza cha nani. Mkono wake ukarudi mgongoni mwa mtoto. "Choo," alisema. "Wanataka choo tu?" Nikasema choo tu. Akaanza kucheka na uso wake umelowa machozi, akasema yeye alidhani watachukua damu, kwa DNA si huchukua damu, na choo angewapa hata bila kuombwa, kipo kingi. Halafu akachukua leso ya pili na tukatoka.

Garini Nassor alikaa naye nyuma, ana chupa ya maji ya dawa na kijiko alivyobeba kutoka wodini, na njia nzima alimtilia Baraka mdomoni kidogo kidogo, akisema naye kwa Kiunguja, haya bwana, haya yakhe, kunywa, hili si tui la kopo. Mimi niliendesha. Sijawahi kuendesha vile tena. Kwenye taa nyekundu moja Nekesa aliuliza, bila kumtazama yeyote, kama wakishaujua ukoo wa yule mdudu, yeye ataambiwa. Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Nassor akasema ataambiwa, wallahi, yeye mwenyewe atakuja kumwambia. Daktari Maha alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, na hakuuliza jina la mtu. Baraka alilia kesho yake asubuhi, kilio kikubwa cha hasira, na nesi yule Mfilipino akaja mpaka kwenye dirisha la maabara kutuambia.

Utafiti uliendelea kwa miezi, kama zinavyokwenda tafiti. Nilibeba masanduku, nikala wali wa Nassor, nikaanza kusema anaharisha mbele yake na anaendesha nyuma yake. Majibu yalipotoka Daktari Maha hakufurahi sana. Alikuwa ametamani aina ngeni, milango mipya ya ule ukoo, na ilipatikana michache tu, mmoja kutoka Balad ambao Nassor aliushangilia kama mjukuu. Vilivyobaki, karibu vyote, vilikuwa ni kirusi kile kile cha kawaida, cha Riyadh na cha Jeddah, cha watoto waliokuja na madereva na cha waliobebwa mgongoni. Chupa ya Baraka nayo ilikuwa hiyo hiyo. Nassor aliikumbuka namba yake kichwani. Alimwomba ruhusa Daktari Maha, naye akashangaa kwamba kuna mtu anayesubiri jibu kama lile, akasema mwambieni, lakini hakuna jipya.

Tulikwenda Ghulail Alhamisi alasiri, na safari hii Nassor alivaa shati na suruali, vikamkaa vibaya sana. Baba wa Baraka alikuwepo, kijana mrefu aliyesimama karibu na mlango wakati wote. Walikuwa wameamua kujisalimisha kwa wenye mamlaka ili warudishwe nyumbani wote watatu, na hawakujua watatenganishwa au la, wala kama mtoto asiye na karatasi hata moja atapandishwa ndege. Nekesa alitupa chai. Alikuwa amekonda. Nassor akamweleza polepole, kwa Kiswahili chake kilichokunjwa, na aliomba radhi kidogo, kwa kuwa alidhani jibu lenyewe ni dogo. Akasema mdudu wa Baraka hana la ajabu. Ni yule yule.

"Yule yule wa nani?"

"Wa watoto wote."

"Hata wa Riyadh? Hata wa mabosi?"

Nassor akasema hata wa mabosi, hakuna tofauti hata herufi moja. Nekesa aliweka kikombe chini. Alimtazama mumewe pale mlangoni, kisha akamnyanyua Baraka kutoka kwenye godoro, akamsimamisha mapajani mwake wakatazamana.

"Umesikia?" alimwambia. "Wamekupima, na wewe ni kama watoto wa watu."